Kutoka Lusahunga hadi Rusumo: Bima Ipi kwa Hatari Ipi?

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupita Kahama, yakafika Nyakanazi, kisha yakapanda hadi njia panda ya Lusahunga, wilayani Biharamulo. Hapo barabara inagawanyika. Moja inaelekea Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba. Nyingine inaingia Ngara na kwenda hadi daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Kati ya Lusahunga na Rusumo kuna kilomita 92 za kupanda na kushuka. Anayekaa kando ya barabara hiyo kwa nusu siku ataona karibu kila aina ya hatari ambayo bima ilibuniwa kuikabili: lori la mafuta likishika breki kwenye mteremko, bodaboda imepakia abiria wawili na mkungu wa ndizi, duka la mbao lina jiko la mkaa mlangoni, na mama amembeba mtoto mwenye homa kuelekea zahanati.

Karibu wote hao wanalijua neno bima. Wengi wakilisikia, wanachofikiria kwanza ni askari wa usalama barabarani. Bima kwao ni stika, na stika ni kitu cha kumwonyesha trafiki ili safari iendelee. Ndiyo maana bima inayojulikana kuliko zote nchini ni ile isiyolipa hata senti moja kwa hasara ya mtu aliyeinunua.

Bima hiyo ndiyo wenye magari huiita "bima ndogo", yaani bima ya mtu wa tatu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto barabarani kuwa nayo. Katika mkataba huo mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule asiyehusika na mkataba wowote: mwenda kwa miguu aliyegongwa, abiria aliyevunjika mguu, mwenye nyumba ambaye ukuta wake umebomolewa na lori. Fedha zinakwenda kwa huyo. Gari la mwenye bima likibonyea, likiungua au likiibwa, ni juu yake mwenyewe.

"Bima kubwa" ndiyo inayomlinda mwenye gari pamoja na huyo mtu wa tatu. Hulipa matengenezo ya gari baada ya ajali, na hulipa thamani yake likiungua au kuibwa. Tofauti ya bei si ndogo. Kwa gari dogo la binafsi, bima ndogo ni sh. 100,000 kwa mwaka, na ukiongeza kodi ya VAT ya asilimia 18 inafika 118,000. Bima kubwa kwa gari la aina hiyo hukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la sh. milioni 15 litadaiwa 525,000, na pamoja na kodi 619,500. Mwalimu wa Ngara mwenye gari alilonunua kwa mkopo atazitazama namba hizo mbili na kuchagua ya kwanza. Uamuzi huo unaeleweka kabisa. Ila aufanye akijua kwamba gari likitumbukia korongoni, mkopo utaendelea kukatwa kwenye mshahara wake na gari halitakuwepo.

Upande wa mtu wa tatu kuna jambo linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi katika vijiji vya kandokando ya barabara hii. Mwanakijiji aliyegongwa ana haki ya kudai fidia kwa kampuni ya bima ya gari lililomgonga, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kununua bima ya aina yoyote. Mara nyingi haki hiyo hupotea palepale kwenye tukio, kwa kumalizana kienyeji. Dereva anatoa fedha kidogo za matibabu, ndugu wanapokea, lori linaondoka. Wiki mbili baadaye mguu unagundulika umevunjika vibaya na namba ya gari hakuna anayeikumbuka. Kinachotakiwa ni kuiandika namba ya gari, kutoa taarifa polisi, kupata fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na kutunza kila risiti ya hospitali. Jina la kampuni iliyokata bima si siri: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kielektroniki ambao mtu yeyote huweza kuingiza namba ya usajili wa gari na kuona kama bima yake ipo hai na imekatwa wapi. Mfumo huohuo unamsaidia mnunuzi kukagua stika aliyouziwa, maana stika bandia zimewahi kuwatia wengi hasarani.

Kwa bodaboda mambo ni magumu zaidi. Vijana wengi huendesha pikipiki za mkataba: wanapeleka hesabu kila siku au kila wiki mpaka bei itimie, ndipo pikipiki inakuwa yao. Ikiibwa kabla ya mkataba kuisha, kijana anabaki na deni. Isitoshe, pikipiki iliyokatiwa bima kama ya matumizi binafsi halafu ikakutwa imepata ajali na abiria wa kulipa inaipa kampuni sababu ya kukataa madai. Neno moja kwenye fomu, "binafsi" badala ya "biashara", linaweza kuamua nani atalipa gharama za abiria aliyelala wodini katika hospitali ya Murgwanza.

Likifika Rusumo, au Kabanga kwa linalokwenda Burundi, lori linakutana na swali jingine. Bima iliyokatwa Tanzania inaishia mpakani. Ng'ambo yake inahitajika Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka 1987 ili dereva asinunue bima mpya kila anapovuka nchi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya mpango huu, na hilo limewaepushia wasafirishaji gharama na usumbufu mwingi. Kadi inalipa madhara ambayo gari limewasababishia watu wa nchi nyingine, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Kulitengeneza lori lenyewe hakumo.

Mzigo nao haumo. Mwenye mchele au vipuri vilivyomo kwenye kontena anatakiwa awe na bima ya mzigo safarini, ambayo ni mkataba wa peke yake. Wakazi wa zamani wa Biharamulo hawahitaji kuelezwa kwa nini: wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalivuka msitu yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Kuna pia watu wawili waliomo ndani ya kichwa cha lori. Dereva na utingo walioajiriwa wanapaswa kulindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao tangu Julai 2015 unakusanya michango kutoka kwa waajiri, si kutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi. Wapo matingo wengi ambao mwajiri wao hajawahi kuwaandikisha na hawajui hata kwamba alitakiwa kufanya hivyo.

Lori moja, basi, linaweza kuhitaji mikataba minne, na kila mmoja unabeba hatari yake. Ili kuelewa kwa nini haiwezekani kuiunganisha yote kwa bei ya stika moja, inafaa kuona fedha za bima zinatoka wapi.

Tuchukue mfano wa madereva 1,000 wa bodaboda, kila mmoja na pikipiki ya sh. milioni 2.5. Tuseme uzoefu unaonyesha kuwa kwa mwaka huibwa pikipiki 20. Hasara ya wote ni sh. milioni 50. Ikigawanywa kwa watu 1,000, kila mmoja anabeba 50,000. Ukiongeza gharama za uendeshaji na faida ya kampuni, ada inaweza kufika 70,000 au 80,000. Hakuna ajuaye ni nani ataibiwa, lakini idadi ya watakaoibiwa inakadirika, na makadirio hayo ndiyo mtaji wa biashara nzima ya bima. Hesabu hii inasimama kwa sharti moja: hasara zitokee kwa watu wachache kwa wakati mmoja.

Watu wa Ngara na Biharamulo wanaijua hesabu hii hata bila kampuni. Vikundi vya kufa na kuzikana vina daftari, mweka hazina na kiwango cha mchango, na vikoba vingi vina mfuko wa jamii unaomsaidia mwanachama aliyefiwa au kulazwa. Msiba ukitokea, turubai, sufuria na maharage vinafika kabla ya jioni. Ni bima ya kweli, na kasi yake hakuna kampuni inayoifikia. Udhaifu wake ni kwamba wanachama wote wanaishi kijiji kimoja, wanalima udongo mmoja, wananyeshewa mvua moja.

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu 17 walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, hasa Bukoba na Missenyi. Siku hiyo jirani hakuweza kumsaidia jirani, kwa sababu wote wawili walilala nje. Msaada ulilazimika kutoka mbali, kwa Serikali na wachangiaji wa mikoa mingine, na nyumba nyingi zilijengwa upya kwa mifuko ya wenyewe.

Hatari ya namna hii inahitaji mfuko mpana kuliko wilaya, hata kuliko nchi. Kampuni za bima nazo hukata bima: sehemu ya hatari wanayoibeba huipeleka kwa kampuni za bima mtawanyo, ikiwemo TAN-RE hapa nchini, nazo huisambaza zaidi hadi masoko ya Ulaya na Asia. Kwa njia hiyo ukuta uliopasuka Kagera unaweza kulipiwa na fedha zilizochangwa na wenye nyumba wa mabara mengine. Ila ukuta huo uwe umekatiwa bima, na bima yenyewe iwe imetaja tetemeko. Bima ya moto ya kawaida inalipa moto na radi. Tetemeko, mafuriko na upepo mkali huongezwa kwa maandishi, mara nyingi kwa nyongeza ndogo tu ya ada. Mwenye nyumba asipouliza, wakala mwenye haraka hatamwambia.

Kuna mtego mwingine ambao huwaumiza hata waliosoma. Tuseme nyumba ya kulala wageni Nyakanazi ina thamani ya sh. milioni 40, na mwenyewe, kwa kubana ada, ameikatia bima ya milioni 20. Moto unatokea na kuharibu vyumba vya sh. milioni 10. Anatarajia kulipwa 10, maana iko chini ya 20. Kampuni inamlipa 5. Kwa kuwa aliikatia nusu ya thamani, analipwa nusu ya kila hasara, kwa kipengele ambacho kimo katika mikataba mingi ya mali. Na bei ya saruji na mabati ikipanda, nyumba iliyokuwa imekatiwa bima sawasawa miaka mitano iliyopita inakuwa na bima pungufu bila mwenyewe kugusa kitu.

Sheria imeanza kusogea upande huu wa mali. Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya moto ulioteketeza soko la Kariakoo, bima ililazimishwa kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini, vyombo vya majini na vivuko. Mfanyabiashara wa mitumba asielewe vibaya: jengo la soko likiwa na bima, marobota yake hayamo. Shehena yake anaikatia mwenyewe.

Vita, kinyume chake, karibu kila mkataba wa bima unavikwepa waziwazi. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 waliokuwa wakikimbia Rwanda walivuka Rusumo ndani ya saa 24 hivi na kuingia Ngara, wakapiga kambi Benaco. Hasara za aina hiyo hazina ada inayoweza kukadiriwa, na mzigo wake uliangukia wenyeji, Serikali na mashirika ya misaada.

Shambani ndiko kwenye hatari nyingi na bima chache. Zao lililozoea bima kuliko mengine ni tumbaku, inayolimwa pia Biharamulo, kwa sababu mvua ya mawe ya dakika 20 inaweza kutoboa majani ya msimu mzima na kumwachia mkulima deni la pembejeo. Wakulima wapo kwenye vyama vya msingi, deni linajulikana, ada inakatwa pamoja na pembejeo. Kwa mahindi na maharage hakuna mpangilio kama huo. Mwaka 2023 kampuni za bima ziliungana kuunda TAIC, muungano wa kubeba kwa pamoja hatari za kilimo, na aina moja ya bima inayotajwa sana ni ya kipimo. Hapo hakuna mkaguzi anayekuja shambani. Setilaiti au kituo cha hali ya hewa hupima mvua ya eneo, na ikishuka chini ya kiwango cha mkataba, wote waliojiunga hulipwa. Ni nafuu na ni ya haraka. Lakini milima ya Ngara ina mvua ya mapande: bonde hili linalowa, mlima wa pili unakauka. Mkulima anaweza kupoteza kila kitu na kipimo kikasema mvua ilitosha, na mkulima wa hivyo hatarudi kununua bima mwaka unaofuata.

Migomba ni habari nyingine. Mnyauko wa bakteria uliripotiwa Kagera mwaka 2006 na kusambaa shamba hadi shamba kwa wadudu, miche na mapanga. Bima ya mvua hailipi ugonjwa. Kinachookoa ni kazi ya mikono: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kuchoma panga kwa moto kabla ya kwenda shina jingine, kung'oa na kufukia migomba iliyougua. Kwa kijiji kinachoishi kwa ndizi, siku moja ya kufanya hivyo kwa pamoja ina thamani kuliko mkataba wowote unaouzwa leo.

Na tembo? Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Wanyama wakali wakiharibu mazao, Serikali hutoa kifuta jasho, na wakijeruhi au kuua mtu hutoa kifuta machozi, kwa kanuni za mwaka 2011. Viwango vimepangwa kwa ekari na havifuati thamani ya mazao yaliyoliwa. Aliyelima vizuri na aliyelima ovyo wanapimwa kwa kamba moja, kwa hiyo mwenye shamba la biashara asikitegemee kama fidia.

Upande wa afya nao una hatari zake. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwepo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wawili na waliohesabiwa kuwa huenda walikuwa nao ni wanane. Wote kumi walifariki. Mlipuko kama huo hukabiliwa kwa fedha za umma, kwa timu za ufuatiliaji na maabara. Bima ya afya ina kazi tofauti: kumfanya mtu mwenye homa aende kituoni siku ya kwanza, kabla hajaanza kuhesabu fedha. Malaria, uzazi, ajali ya bodaboda na homa isiyojulikana huanza kwa mlango uleule, na mlango huo ukiwa unafunguka kwa fedha taslimu tu, mgonjwa anachelewa na wanaomuuguza wanakuwa hatarini.

Kwa miaka kadhaa kadi iliyowafikia wengi vijijini ilikuwa ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ya sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, iliyotumika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa Kagera ikiwa ni ile ya Bukoba. Mgonjwa wa Ngara alipopewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kadi hiyo iliishia njiani. Familia nyingi zililitambua hilo gari la wagonjwa likiwa tayari limewashwa. Mwaka 2023 Rais alitia saini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayokusudia kila mkazi awe ndani ya bima ya afya. Sababu ya kutaka wote waingie ni hesabu ileile ya bodaboda 1,000. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi ya sh. 50,400 na kuelekeza wapitie shuleni, kwa maelezo kwamba wazazi wengi walikuwa wanakuja mtoto akiwa ameshaugua. Mfuko wenye wagonjwa watupu hauna wa kumchangia mwenzake.

Ipo bima moja ambayo maelfu ya watu wanayo bila kujua. Anayechukua mkopo benki, awe mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa Kabanga, kwa kawaida hukatwa ada ndogo ya bima ya mkopo siku anapopokea fedha. Akifariki, na katika mikataba mingi hata akipata ulemavu wa kudumu, kampuni ya bima hulipa deni lililobaki. Mikataba mingine inaongeza mkono wa pole kwa ajili ya mazishi. Jambo hili liko kwenye karatasi alizosaini, zilizofungiwa kabatini au kuachwa ofisini. Mjane asiyezijua karatasi hizo huuza ng'ombe au kiwanja kulipa deni ambalo lilikuwa limeshakatiwa bima. Anatakiwa kwenda benki na cheti cha kifo, aombe nakala ya mkataba wa mkopo na jina la kampuni ya bima, kisha apeleke taarifa ndani ya muda ulioandikwa humo. Kampuni ikikataa, atake sababu kwa maandishi. Ana haki ya kulalamika TIRA au kulipeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kisheria kuwasikiliza watu wasio na uwezo wa kukodi wakili.